DAFTARI YA BAHARI IKO WAPI?

Ndugu wasomaji, hapana shaka wengi wenu mtastaajabu mkiona ya kuwa tahariri ya safari hii, inayohusu bahari na mafuta yamwagikayo ndani yake, imeandikwa Kibondo, katika milima ya Kigoma, karibu na kilomita elfu moja kutoka pwani, pahala ambapo mtu aweza kuzaliwa, akaoa na akapata wajukuu bila ya kuiona ngarawa. Lakini wanachama wetu waliotoka Visiwani wakafungua maduka huku bara si wachache, nasi ni miongoni mwao. Na mtu aliye mbali na kwao mara nyingine huyaona ya kwao kuliko yule aliyeyakalia. Tunaomba mtuvumilie tuanze na la huku, kisha tuteremke pwani.

Maji ya Kibondo hayaji Pemba. Mvua inyeshayo juu ya mabati ya duka letu huteremka mabondeni ikaingia Mto Malagarasi, ikapita katika kinamasi kikubwa cha Malagarasi na Muyovozi, ambacho mwaka 2000 kilikuwa cha kwanza katika Tanzania kuandikwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar. Kisha hulikuta Ziwa Tanganyika, na ziwa likijaa hutoka kwa Mto Lukuga kuelekea Kongo na bahari ya Atlantiki. Kwa hivyo hatudai kuwa tone la mafuta limwagikalo hapa litafika Wete. Tunachosema ni kuwa jambo tulilolishuhudia katika kijito cha hapa ndilo litakalowakuta wavuvi wetu siku mafuta yatakapomwagika baharini, nao wakawa hawakujiandaa.

Masika moja, miaka michache iliyopita, gari la mizigo lilipinduka katika kivuko cha kijito kilicho chini ya mtaa wetu, likiwa limechukua mapipa ya mafuta machafu ya mashine. Mwenye gari hatumtaji, wala si kusudi letu kumshitaki hapa. Mapipa mawili yalipasuka. Kama mjuavyo, au kama msivyojua, akina mama wa Kiha huroweka mihogo yao katika maji ya vijito siku kadhaa kabla ya kuianika na kuitwanga; na siku ile kijito kilikuwa kimejaa mihogo ya watu. Mafuta yakatanda juu ya maji, meusi, yenye kung'aa rangi rangi jua likiyapiga. Mihogo ikatoka inanuka. Na kesho yake kambale wakaonekana kando ya majani wamegeuka matumbo juu.

Siku ya nne alikuja bwana mmoja wa kutathmini hasara. Akawauliza akina mama: mlikuwa na vikapu vingapi vya mihogo? Kila mmoja akajibu papo hapo, na jirani yake akamshuhudia, bwana akaandika. Kisha akawageukia wavuvi akawauliza: kijito hiki kilikuwa na samaki kiasi gani, na kwa wiki mlikuwa mkitoa kilo ngapi? Mzee mmoja, ambaye ametega migono bondeni humo tangu ujana wake, akamjibu kwa adabu, "Bwana, walikuwa wengi." Yule bwana akangoja, kalamu mkononi, kwani neno "wengi" halikuwa na mstari wake katika karatasi aliyokuja nayo. Mihogo ililipwa, haikulipwa vizuri, lakini ililipwa. Samaki hawajalipwa mpaka leo.

Sisi tulikuwapo, na aibu yetu tunayo. Kwa miaka kumi tulikuwa tukinunua kambale kwa mzee yule. Kila kiberiti tulichomkopesha kimeandikwa katika daftari yetu, na tarehe yake; lakini samaki aliotuuzia yeye, kwa kuwa tulimlipa taslimu, hatukumwandika hata mmoja. Lau tungaliandika, mzee angalikuwa na shahidi.

Mtu asidhani kuwa haya ni mambo ya kijito tu. Ziwa Tanganyika kwa dagaa na migebuka yake ndilo linalolisha soko la Kibondo na la Kasulu. Kwa miaka mingi wavuvi wa Kigoma walilalamika kuwa dagaa wanapungua, na kila mmoja alikuwa na mshitakiwa wake: huyu akiwashitaki wenye nyavu za matundu madogo, yule akiwashitaki wenye taa nyingi, wa tatu akisema ni wingi wa watu tu. Mwaka 2003 wataalamu wakatoa katika jarida la Nature hoja ya nne: ya kuwa maji ya ziwa yamepata joto, na kwa ajili ya joto lile maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, rutuba iliyo chini haipandi, na chakula cha mwanzo cha samaki huenda kimepungua kwa kiasi cha asilimia 20. Walijuaje kuwa joto limezidi? Walijua kwa sababu mwaka 1913, kabla ya vita vikuu vya kwanza, palikuwa na watu walioteremsha kipimajoto katika ziwa lile na wakaandika walichokiona. Watu wale walikuwa wageni, wala hawakuwa wakitupimia sisi. Lakini walipima, wakaandika, wakahifadhi. Na miaka 90 baadaye karatasi yao ikawa hoja ambayo kelele za mnadani haziwezi kuipinga. Hatusemi kuwa wenye nyavu ndogo hawana makosa. Tunasema kuwa pasipo karatasi ile, hoja ya joto isingalijulikana kabisa.

Na ziwa lenyewe ni la kuogopewa. Kina chake chafika mita 1,470. Maji yake hukaa mamia ya miaka kabla ya kutoka. Na huko chini kabisa hamna hewa ya uhai, samaki wote wanaishi katika tabaka la juu. Mafuta ya dizeli na petroli yanavushwa juu yake kwenda nchi za jirani. Mwaka 2022 Serikali ya Kongo ilitangaza mnada wa vitalu vya kutafuta mafuta, vikiwamo vya Ziwa Tanganyika. Mwaka 2024 mnada ule ukafutwa, lakini lililotangazwa mara moja laweza kutangazwa tena. Nchi nne zenye ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilitia saini mkataba wa kulitunza mwaka 2003, na mamlaka yake ina makao Bujumbura. Hilo ni jema. Twatamani kila mwalo uwe na daftari yake vile vile.

Sasa tuteremke pwani.

Asubuhi za Juni na Julai, wakati wa baridi ya Kibondo, pipa la mawese dukani kwetu huamka limeganda. Mteja akija na chupa yake hatuwezi kummiminia. Hutubidi tuchote kwa upawa kama samli, au angoje jua. Tulikuwa tukilihesabu jambo hili kuwa usumbufu wa biashara tu, mpaka tulipozisoma sifa za mafuta ghafi ya Uganda. Mafuta yale yana nta nyingi. Yakipoa huganda, hata katika joto letu la kawaida. Ndiyo sababu bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambazo 1,147 kati yake zimo katika ardhi ya Tanzania, likasanifiwa ili lipashwe moto njia nzima, mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50 za selsiasi. Jiwe la msingi la kazi hiyo liliwekwa Chongoleani mwezi wa Agosti 2017 na marais wa nchi mbili, na kipimo cha bomba ni mapipa 216,000 kwa siku. Huko Chongoleani mafuta hutarajiwa kupakiwa melini. Na ng'ambo ya Chongoleani, kwa masafa ya kama kilomita 50 za mkondo wenye kina kikuu, ndipo Pemba ilipo.

Maji ya mkondo wetu yana joto la nyuzi 25 hadi 30. Mafuta ya namna ile yakimwagika humo hayatakuwa ngozi nyembamba ya kung'aa kama ile ya kijito cha Kibondo. Yataelekea kuganda mabonge mabonge kama mawese yetu ya Julai. Mabonge hayaruki na hewa upesi. Dawa za kusambaratisha mafuta hazina kazi kubwa juu yake. Huelea, yakasafiri mbali, kisha yakatua. Yakitua juu ya mchanga, watu wenye mabeleshi wataweza kuyaokota. Yakiingia mikokoni ni jambo jingine: mizizi ya kupumulia ikifunikwa mti hufa, wala haufi siku ile, bali huweza kuchukua miezi, na tope la mikokoni likishanywa mafuta hukaa nayo miaka mingi. Ndugu zetu wa Mombasa wanayajua haya, kwani Aprili 2005 mafuta ghafi ya meli yalimwagika katika maji ya Port Reitz yakaingia mikokoni.

Yataelekea wapi? Hapa twataka kusema kweli, kwani wako wasemao kwa kutisha watu kuwa kila tone la Tanga litafika Pemba, na wako wasemao kwa kubembeleza kuwa halitafika hata moja. Mafuta yaliyo juu ya maji huchukuliwa na mkondo wa bahari, na juu ya hapo upepo huyasukuma kwa kiasi cha asilimia tatu ya kasi yake. Upepo wa mafundo 20 huyapeleka kiasi cha kilomita 27 kwa siku. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, ukapata nguvu wakati wa kusi na kulegea wakati wa kaskazi. Kusi huvuma kwa kuelekea mrima. Kaskazi vile vile haitoki mrima. Kwa hesabu hiyo, ukiwa ni msimu wa kusi, wa kwanza kuingia mashakani ni ndugu zetu wa Tanga, Vanga na Shimoni. Lakini kila nahodha wa ngarawa aujua umande utokao bara alfajiri, aijua maleleji isiyo na mwenyewe, na ajua namna maji ya bamvua yavutavyo kila kielea kuingia katika hori zetu za magharibi, kutoka Fundo hadi Kisiwa Panza. Tena si meli za Tanga tu. Meli nyingi zinapita mashariki ya visiwa vyetu zisizokuwa na shughuli nasi hata kidogo, na kusi ndiyo itakayotuletea uchafu wa hizo.

Aulizaye meli isiyochukua mafuta ina madhara gani, na aitazame Mauritius. Tarehe 25 Julai 2020 meli ya Wakashio, iliyokuwa tupu, ikienda Brazili kufuata shehena, ilipanda mwamba wa Pointe d'Esny. Haikuwa meli ya mafuta. Ilikuwa na mafuta ya injini zake tu. Wakuu waliitazama siku kumi na mbili. Tarehe 6 Agosti ikaanza kuvuja, na takriban tani 1,000 zikaingia katika maji ya ndani ya miamba. Wananchi hawakungoja amri. Walijaza makapi ya miwa katika magunia na nyavu wakatengeneza boya za kuzuia mafuta, na wanawake, tumesoma, walikata nywele zao zitumike kunyonya mafuta. Twawavulia kofia. Na mwaka uliofuata, 2021, meli ya makasha X-Press Pearl iliungua na kuzama karibu na Colombo, Sri Lanka, ikiwa na tani 25 za asidi ya naitriki na chembe za plastiki zaidi ya tani 1,600. Chembe zikafunika fukwe, wavuvi wakazuiwa kuvua. Mahakama Kuu ya juu ya nchi ile iliamuru fidia ya dola bilioni moja katika mwezi wa Julai 2025. Kuamriwa na kulipwa ni mambo mawili. Lakini hata kuamriwa hakukuja bila ya watu waliookota, waliopima na walioandika kwa miaka minne.

Sasa ndugu msomaji aweza kusema: Tanzania ni mwanachama wa mikataba ya kimataifa ya mwaka 1992 juu ya fidia ya mafuta ya meli, na uko Mfuko maalumu London wa kulipa, hofu ni ya nini? Ni kweli, na tunaishukuru kheri hiyo. Lakini na asome masharti. Mikataba hiyo yahusu mafuta yatokayo katika meli za mafuta. Yakivuja katika bomba au katika tangi lililo nchi kavu, ni mlango mwingine na sheria nyingine. Na katika mlango huo huo wa meli, pana jambo lililotokea mwaka 1979 ambalo lafaa kila mvuvi wetu alijue. Meli ya mafuta iitwayo Antonio Gramsci ilipanda mwamba katika bahari ya Baltiki, na Serikali ya Kisovieti, dola lenye nguvu kuliko sisi mara elfu, ikadai fidia ya uharibifu wa maji yake kwa kanuni ya hesabu: maji yaliyochafuka ni kiasi hiki, kila mita ya ujazo ni rubo kadhaa, jumla yake lipeni. Mwaka uliofuata nchi wanachama wa Mfuko zilipitisha azimio kuwa fidia haitakadiriwa kwa kanuni za nadharia. Hulipwa hasara iliyothibitika: gharama za kusafisha, mapato yaliyopotea, na gharama za busara za kurejesha mazingira. Ikiwa Moscow iliambiwa lete ushahidi, Micheweni itaambiwa nini?

Sisi wenye maduka hatuoni ajabu. Duka likiungua, mwenye bima aulizwa daftari ya mali iliyokuwamo. Akisema lilikuwa limejaa, ataambiwa limejaa nini, na ulinunua lini, na kwa nani? Ikiwa daftari yenyewe iliungua ndani ya duka, pole yake. Nasi tuliosoma chuoni kabla ya kuijua skuli twakumbuka kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Msahafu, katika sura ya Baqara, si ya vita wala ya urithi; ni ya kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Masheikh zetu walitufundisha hayo tukiwa watoto, nasi tukayafuata katika kukopeshana sukari. Bahari, ambayo ndiyo mali kubwa kuliko zote tulizo nazo, hatukuiandika.

Yatosha kulinganisha pwani mbili. Mwaka 1986 tangi la kiwanda cha kusafishia mafuta huko Panama, upande wa Karibi, lilivuja, na mafuta ghafi yakafunika miamba na mikoko ya Galeta. Kwa bahati, Galeta palikuwa na kituo cha utafiti kilichokuwa kikihesabu matumbawe, kaa na majani ya bahari ya mahali pale kwa miaka mingi kabla. Basi wataalamu walipotoka baada ya mafuta, hawakukisia. Walitoa hesabu ya baada katika hesabu ya kabla, na ikadhihirika kuwa hata matumbawe yaliyo chini ya maji, ambayo watu wengi walidhani yamesalimika, yamedhurika. Kinyume chake ni Alaska. Exxon Valdez ilipasuka tarehe 24 Machi 1989. Mwaka 1993 samaki waitwao hering, jamaa ya dagaa, wakatoweka katika ghuba ile. Je, ni mafuta, ni maradhi, au ni chakula kilipungua? Mabingwa wamebishana kwa miongo, na sababu moja ya ubishi ni kuwa yaliyokuwapo kabla ya meli kupasuka hayakupimwa yakatosha. Nchi ya kitajiri kabisa hiyo. Wavuvi wake wamezeeka wakingoja jibu.

Kwa hivyo twauliza, na swali letu si la uhasama. Tathmini ya mazingira ya bomba ilifanywa na vyeti vikatolewa. Je, vipimo vya upande wa Pemba, vya mikoko ya Wete na ya Chake, vya matumbawe ya Misali, vya mashamba ya mwani, viko wapi, na mvuvi wa Fundo aweza kuviona ofisi gani, kwa lugha gani? Mazingira si jambo la Muungano. Bara wana Baraza lao, NEMC, na Zanzibar ina Mamlaka yake, ZEMA. Mafuta hayajui mpaka huo. Yakitoka upande mmoja yakatua upande wa pili, nani atakayechukua sampuli ya kwanza, na karatasi ya nani itakayokubaliwa? Tena tusisahau kuwa katika kampuni ya bomba, ambayo mwenye hisa nyingi ni TotalEnergies ya Ufaransa kwa asilimia 62, Serikali za Uganda na Tanzania zina asilimia 15 kila moja kwa mashirika yao. Mtu mwenye fungu katika duka hafai kuwa yeye peke yake mhesabu wa hasara ya jirani aliyeunguliwa na duka hilo. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Unguja tangu 1978, ina wataalamu. Wapewe fedha za kupima kila mwaka, kusi na kaskazi, na matokeo yabandikwe ukutani katika kila diko, si kufungiwa kabatini.

Lakini tukikaa tukingoja Serikali tutakuwa kama mzee wetu wa Kibondo. Yako ambayo mvuvi na mkulima wa mwani aweza kuyafanya kwa mkono wake, na mahakama ikayasikiliza. Atokaye baharini na aandike: tarehe ya mwezi wa kizungu na ya mwezi mwandamo, mtego gani, dema au mshipi au nyavu, saa ngapi alikaa, walikuwa watu wangapi, kilo ngapi au mafungu mangapi, na ameuza kwa bei gani. Siku aliyorudi mtupu aiandike vile vile. Daftari isiyo na siku mbaya haiaminiki, nasi wenye maduka ndio wa kwanza kuitilia shaka. Mama wa mwani aandike kamba ngapi, zimevunwa lini, kavu zilipata kilo ngapi. Wachokozi wa chaza na kombe ndio muhimu kuliko wote, kwani viumbe hivyo huchuja maji siku nzima na kuhifadhi uchafu katika nyama zao, hata bingwa akipima chaza hujua yaliyopita baharini kabla yake.

Wale wakaao karibu na mikoko na wachague pahala pamoja, jiwe au mti usiohama, wapige picha kwa simu kutoka pahala pale pale, kila bamvua, mwaka mzima. Simu zetu tunazitumia kwa mambo yasiyo na faida kuliko hayo.

Na siku mafuta yakionekana, Mungu atuepushe, asiyeguswa na kazi nyingine achukue chupa ya kioo, si ya plastiki, aioshe vizuri, achote kidogo, aifunge, aiweke gizani pahala pa baridi, na aandike saa, pahala na majina ya mashahidi wawili. Afanye hivyo siku ile ile, kwani sehemu nyepesi ya mafuta huanza kuruka na hewa tangu siku za mwanzo. Kila mafuta yana nasaba yake, na mkemia mwenye vyombo aweza kusema haya ni ya kisima kipi, na kwa hivyo ni ya meli ipi. Pasipo chupa, kila meli itaapa kuwa ilikuwa mbali. Yako na macho ya angani: tangu mwaka 2014 setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-1 huweza kuyaona mafuta hata usiku na hata penye mawingu, kwa sababu mafuta hulaza viwimbi na maji yakaonekana meusi. Lakini setilaiti haipiti kila saa, wala haijui jina la mwenye dema.

Wako watakaosema kuwa kazi hii ni ya wataalamu, na kuwa daftari ya mvuvi haitatazamwa. Katika Mfuko wa London hata asiye na risiti husikilizwa, ila hukadiriwa kwa mizani ya mtu mwingine; mwenye daftari hukadiriwa kwa yake. Wako pia, katika chama chetu wenyewe, walioniambia kuwa haya si siasa. Sisi hatuijui siasa iliyo kubwa kuliko kitoweo cha watu.

Wanachama wa Kibondo na Kasulu tumechanga, tukanunua daftari za kurasa 96, zenye jalada gumu, tukazipeleka kwa basi hadi Dar es Salaam na kwa meli hadi Mkoani. Kila tawi la pwani litapata kadiri ya madiko yake. Katibu atatia namba na kuandika jina la aliyepokea. Ukurasa wa kwanza tumeupiga mistari iwe mfano. Ikijaa, nakala moja ikae tawini na daftari yenyewe ibaki kwa mwenyewe, kwani ni mali yake, wala asiinyang'anywe na kiongozi yeyote, akiwamo wa chama. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtoto wa skuli wa nyumba ile. Tumetia penseli badala ya kalamu za wino, kwa sababu ya maji.